Jumatano ya Wageni

5 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Najua utaitikia kwa ile sauti yako ya kushindana na pampu, na najua hata ningekupigia simu usingenisikia, ndiyo maana naandika. Mkaza mjomba ameniambia simu umeifungia kabatini kwa sababu "ikilia sisikii, na nikiisikia simsikii anayesema." Miaka thelathini na mmoja kwenye mtambo wa maji si mchezo, masikio nayo yana haki ya kustaafu. Basi barua hii nampa dereva wa lori linalowaletea dawa ya maji mara mbili kwa wiki. Ameapa hataisoma. Simwamini, lakini sina mwingine.

Mjomba, nina kazi na wewe. Ofisini kwetu limeletwa ombi kwamba ule mtaa wa juu, mlimani kwenu, ubadilishwe matumizi. Sasa hivi una nyumba mia mbili na sitini na mashamba katikati. Wanataka zijengwe ghorofa za kuishi familia elfu moja na mia nne! Kabla kamati haijasema ndiyo, lazima mtu ajibu swali moja: huduma zilizopo zitawabeba watu wote hao? Shule, zahanati, zimamoto, taka, maji. Mtu huyo ni mimi. Ni mara ya kwanza napewa faili zima peke yangu, na sahihi itakayokuwa chini ya ripoti ni yangu. Kamati inakaa mwisho wa Aprili.

Meza yangu iko kati ya dirisha lisilofunguka na kabati lisilofungika. Nina ramani, nina majedwali, nina kila kitu isipokuwa macho ya mtu anayeishi huko. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Darasa la kwanza wako wangapi? Zahanati wanasubiri muda gani? Gari la zimamoto linatoka wapi? Taka zinachukuliwa lini? Na maji, hayo ndiyo yako, niambie chochote unachojua.

Usinicheke. Wewe ndiye uliyeniambia nikiwa na miaka sita, nilipokuuliza maji ya bomba yanajuaje njia, kwamba asiyeuliza hana ajifunzalo.

Mpwa wako,
Bi Kwanini

12 Februari

Kwa Bi Kwanini, mwanangu,

Marahaba. Dereva ameileta barua, bahasha imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi ya kiatu. Sasa naye anajua mnataka kujenga ghorofa, kwa hiyo mji mzima unajua.

Nimefurahi kupewa kazi uzeeni. Nilikwenda shule nikahesabu kupitia dirishani. Darasa la kwanza wako themanini na watatu, madawati kumi na tisa. Mwalimu aliponiona nanyoosha kidole akadhani ni mkaguzi, akakimbia kuvaa koti. Nilipomwambia ni mimi tu, mzee wa pampu, alikasirika akalivua.

Zahanati ina muuguzi mmoja na benchi moja. Benchi lina miguu mitatu na tofali. Nilikaa pale tangu saa mbili hadi saa sita na nusu nikijifanya naumwa goti, na nilipoitwa goti lilikuwa zima ila mgongo ndio ulikuwa umeshika. Muuguzi alinipa vidonge vya mgongo. Kazi nzuri, andika hivyo.

Gari la zimamoto liko mji wa jirani. Karakana ya seremala ilipoungua mwaka juzi, walifika tukiwa tunafagia majivu. Hawakuwa watu wabaya, walitusaidia kufagia. Taka huja kuzolewa na trekta, siku trekta likikumbuka.

Maji yapo. Msukumo ni mzuri. Vipimo vyenu hapo ofisini vinasema kila kitu, sina la kuongeza.

Mkaza mjomba wako anauliza unakula nini. Mimi nauliza unakula na nani, maana umri haukusubiri umalize faili.

Mjomba wako

19 Februari

Mjomba,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili amekuja kuangalia kama nalia. Hesabu zako zimeingia zote kwenye rasimu. Mkuu wetu wa kitengo amezungushia duara yale madawati kumi na tisa, na yeye hazungushii kitu duara ovyo.

Sasa nisaidie, maana kuna kitu kinaniwasha. Nimetoa vipimo vya maji vya mtaa wa juu. Unajua geji ya kupimia msukumo iliyofungwa karibu na nyumba ya mwisho kule mlimani. Wasoma vipimo wetu wawili, Mama Kofia na mwenzake Mrefu, huja kuisoma kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Nina miaka kumi na moja ya karatasi zao, vipimo mia moja thelathini na viwili. Vyote vinasema 3.8. Mwezi wa kiangazi, 3.8. Mwezi wa mvua, 3.8. Mtaa huo ndio wenye msukumo bora kuliko mitaa yote tunayoisimamia, mtaa wa mabwana wakubwa haufikii hata 3. Ukifuata karatasi hizi, maji yanawatosha hao elfu moja na mia nne na chenji inabaki.

Lakini nina picha pia, ilipigwa kutoka juu kwa ajili ya ramani. Nimeiweka chini ya kioo cha kukuzia nikahesabu. Kila nyumba ina mapipa uani. Mawili, matatu, nyumba moja ina saba! Mtaa wa chini, ambao vipimo vyake ni hafifu, hauna mapipa karibu kabisa.

Kama maji ni mengi hivyo, mapipa ya nini?

Bi Kwanini

26 Februari

Mwanangu,

Watu wa mlimani wanapenda mapipa. Kuna watu wanapenda njiwa.

Tena kuna anayetunzia nafaka, kuna anayechanganyia rangi, na huyo wa mapipa saba ni fundi cherehani, mama mmoja mwenye mambo mengi. Picha ya kutoka juu haioni ndani ya pipa. Usiihangaikie.

Pampu namba mbili imeanza kukohoa, kwa hiyo nina kazi nyingi na barua hii ni fupi. Bado miezi mitatu tu nistaafu, nataka niikabidhi ikiwa nzima. Wamesema kutakuwa na sherehe ndogo. Mkaza mjomba wako ameshanunua kitambaa.

Vipi kuhusu lile swali langu la unakula na nani? Hujalijibu. Jicho lako halikosi pipa lililo mlimani, lakini swali la mjomba wako limekupita.

Mjomba wako

6 Machi

Mjomba,

Samahani kwamba Jumapili nilikuja bila kupiga hodi ya barua. Mkaza mjomba alinipokea vizuri mno, akanishindilia chakula, lakini wewe ulikuwa mtambo mchana kutwa. Nilikuja mpaka getini, mlinzi akasema umelala chini ya pampu na huwezi kutoka. Niliona miguu yako. Niliita, basi tu, masikio.

Kwa hiyo nilipanda mlima peke yangu. Nilifika mpaka kwa fundi cherehani wako mwenye mambo mengi. Mama mtu mzima, mgongo umempinda kwa cherehani na kwa ndoo. Nilimwomba maji ya kunywa. Akanitazama, akafungua bomba lake mbele yangu, likakohoa upepo. Kisha akanichotea kwenye pipa. Nilifunua mapipa yake yote saba, Mjomba. Hakuna nafaka, hakuna rangi. Ni maji. Nilipomuuliza maji hutoka lini akacheka akasema, "Wewe ni wa ofisini? Basi kwenu hutoka kila siku."

Hiyo ilikuwa Jumapili, na geji ilikuwa imelala kwenye sifuri, nimeiona kwa macho yangu. Jumatano, siku tatu baadaye, Mama Kofia na Mrefu wakarudisha karatasi yao ya Machi. Bahatisha wameandika nini. 3.8!

Nimeumia, maana Mama Kofia ndiye aliyenionyesha choo kiko wapi siku yangu ya kwanza kazini. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Ni wazi hawapandi huo mlima. Wanakaa kivulini mahali, wanaandika namba ileile, miaka kumi na moja. Nimemwandikia Mkuu. Wameitwa kujieleza tarehe 24. Huenda wakafukuzwa, na sitasema nalala vizuri, lakini familia elfu moja na mia nne haziwezi kuletwa kwenye bomba linalokohoa kwa sababu ya uvivu wa watu wawili.

Wewe uko pale kila siku. Hukuwahi kushuku?

Bi Kwanini

12 Machi

Kwako mwanangu,

Ni mimi, Mkaza mjomba wako. Mwandiko wangu unaujua, nimeandika juu ya mashine ya kusagia na mikono ina unga.

Mume wangu aliisoma barua yako akiwa amesimama, akakaa. Tangu siku hiyo anakula kama ndege. Jana alichukua ule ufunguo wake mrefu wa kufungulia valvu, akaupaka mafuta uani, akaufuta, akaupaka tena. Nikamuuliza, "Unauosha au unauaga?" Hakunijibu, na hapo si suala la masikio.

Sikiliza. Hao wawili unaowasema wanapanda mlima. Huyo mama wa kofia ananipitia kila mwezi kushusha pumzi, viatu vyake navijua kwa vumbi. Usiwahukumu kabla hujajua. Mimi ni mke wa mtu, siwezi kumsemea mume wangu jambo ambalo ana mdomo wa kulisema mwenyewe. Nimempa siku mbili. Nimemwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba asipokuandikia yeye nitakuandikia mimi, na mimi nikianza sijui kufupisha.

Kula.

Mkaza mjomba wako

14 Machi

Mwanangu,

Nimepewa siku mbili na leo ni ya pili.

Mama Kofia na Mrefu hawajaandika uongo hata siku moja. Wamepanda, wameinama, wamesoma geji, na geji ilikuwa kwenye 3.8. Ilikuwa pale kwa sababu mimi niliiweka pale.

Nikueleze kama nilivyokuwa nikikueleza ukiwa mdogo. Tangi letu ni moja. Bomba linalopandisha maji mlimani ni jembamba, liliwekwa wakati nyumba za juu zilikuwa kumi na nane. Haliwezi kuwanywesha watu wa chini na wa juu kwa pamoja. Kwa hiyo tunakwenda kwa zamu. Mtaa wa chini wanapata siku nyingi, wa juu wanapata Jumatatu na Ijumaa jioni, na siku hizo hupata kidogo. Zamu hiyo naifungua na kuifunga kwa mkono wangu. Hakuna karatasi yoyote inayoiandika. Mkubwa wangu aliyenitangulia alinifundisha kwa kunitajia valvu moja moja, nami nikashika.

Mwaka ule nilipofanywa msimamizi, Mama Kofia alikuja kufunga hiyo geji. Jua lilikuwa kali. Alipomaliza aliomba maji ya kunywa kwa fundi cherehani, na fundi cherehani akafungua bomba mbele yetu sote, likakohoa, kama lilivyokukoholea wewe. Mimi ndiye mwenye maji, nimesimama pale na kofia ya kazi kichwani, na mgeni anapewa upepo. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikajiambia hakuna mgeni atakayekuja kwangu akakuta bomba kavu tena.

Basi mwezi uliofuata, Jumatano ya wao kuja, nilifunga mtaa wa chini wote alfajiri nikasukuma kila tone juu. Pampu ikifika mwisho wa nguvu zake geji husoma 3.8. Ndiyo maana haikupungua wala kuzidi. Wakaja, wakanywa, wakaandika, wakasifu. Mwezi wa pili nikafanya tena. Watu wa juu wakaanza kuiita Jumatano ya wageni. Siku hiyo hufua, huogesha watoto, hujaza mapipa. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Niliona napendeza kwa wote: mgeni anakunywa, mwenyeji anajaza, na mimi ofisi yenu ikaniletea cheti. Kipo sebuleni, umekiona mara ngapi.

Sikupewa kitu na mtu, wala sikuambiwa na mtu. Ilianza kwa aibu, ikawa mazoea. Ningekwambia ulipouliza habari ya mapipa, nikaona aibu tena. Siku ile ya Jumapili nilikusikia ukiita. Sikuwa na kazi chini ya pampu.

Waache wale wawili. Andika jina langu.

Mjomba wako

19 Machi

Mjomba,

Barua yako nimeisoma kantini, nikaisoma tena ngazini, nikaisoma chooni ambako ndiko pekee mlango unafungwa. Nimekukasirikia. Nimekukasirikia na nimekuonea huruma, na viwili hivyo havikai pamoja, vinasukumana kifuani. Ulinilea. Kila kitu ninachojua kuhusu kupima kitu kabla ya kukisema nilikijua kwako.

Nilitaka kuiandika barua hii ikiwa laini. Lakini baada ya kusoma yako nilishuka masijala, kwenye mafaili ya zamani, kwa sababu swali jipya lilikuwa limeniingia: kama bomba ni jembamba hivyo na kila mtu wa mlimani anajua, kwa nini hakuna aliyewahi kuomba jingine? Nilitafuta siku mbili. Mjomba, kaa chini kama umesimama.

Waliomba. Miaka tisa iliyopita kulikuwa na orodha ya mitaa ya kuwekewa bomba pana. Mtaa wa juu ulikuwa wa pili. Umekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni mtu ameandika: "Msukumo 3.8. Hauhitaji." Bomba lilikwenda mtaa mwingine. Miaka minne iliyopita waliomba tena, sahihi mia na themanini, ya kwanza ikiwa ya fundi cherehani. Kalamu nyekundu tena, maneno yaleyale.

Najua hukujua. Nakuandikia kwa sababu ningekuwa mimi ningetaka kujua, na kwa sababu siwezi kulibeba hili peke yangu.

Sasa nakuuliza swali ambalo sijawahi kukuuliza, na nisamehe kwa kuliuliza. Naweza kuandika kwenye ripoti "hitilafu ya vipimo", maneno matatu. Ofisi hii imejaa hitilafu, hakuna atakayeshangaa. Mama Kofia na Mrefu wataambiwa geji ilikuwa mbovu, watarudi kazini. Ombi la ghorofa litasimama mpaka tupime upya. Wewe utastaafu Mei, utavaa kitambaa chako, utapigiwa makofi. Ukiniambia niandike hivyo, nitaandika. Sahihi yangu itakuwa chini yake.

Nijibu kabla ya tarehe 24.

Bi Kwanini wako

22 Machi

Kwa Mkuu wa Kitengo,

YAH: VIPIMO VYA MSUKUMO WA MAJI, MTAA WA JUU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msimamizi wa mtambo wa maji. Kwa miaka kumi na moja, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nimefunga valvu za mtaa wa chini na kuelekeza maji yote mtaa wa juu ili wasoma vipimo wayakute. Vipimo walivyoviandika ni vya kweli kwa saa hiyo na si vya kweli kwa saa nyingine yoyote. Wao hawakujua. Geji ni nzima, haina hitilafu.

Zamu halisi ya maji nimeiandika kwenye karatasi ya pili, valvu kwa valvu, siku kwa siku. Ni mara ya kwanza inaandikwa.

Naomba mje kupima siku mtakayochagua wenyewe bila kuniarifu.

Ni mimi,
Msimamizi wa mtambo

(Mwanangu, hii ni nakala. Yenyewe nimempa dereva aipeleke mkononi kwa Mkuu wako, kwa hiyo imeshafika kabla hujaisoma hii. Nimekuondolea lile swali. Usiniulize tena kitu ambacho jibu lake hutapenda kulitilia sahihi. Hiyo miaka tisa sijaweza kuiandika humu. Mkaza mjomba wako amekishusha cheti ukutani, nyuma yake kulikuwa na mjusi.)

3 Aprili

Mjomba,

Mama Kofia na Mrefu wamerudi kazini. Nilikwenda kuwaomba radhi na maneno niliyoyapanga yakanikimbia yote. Mama Kofia alisema, "Mimi nilikuwa nakwenda pale nikisema laiti mitaa yote ingekuwa na msimamizi kama yule." Kisha akasema bado anasema hivyo, ila kwa sauti ndogo.

Najua walikuja kupima Alhamisi bila kukuarifu, na najua ulisimama nao. Mama Kofia ameniambia geji ilisoma sifuri, akakuomba maji kwa mazoea tu, ukamwambia hakuna. Amesema uso wako hakuweza kuutazama.

Barua ya kukusimamisha kazi nayo najua imekufika. Nimejaribu kuongea, Mkuu akanionyesha mlango kwa heshima. Utapata kiinua mgongo chako, hilo hawakuligusa, lakini sherehe haipo. Pole sana, Mjomba. Mwambie Mkaza mjomba kitambaa kisikatwe, nitakuja tutafute siku yetu.

Ripoti inakaribia kuisha. Nimeandika kwamba mtaa wa juu hauwezi kupokea nyumba hata kumi mpya, sembuse elfu moja na mia nne, mpaka bomba pana liwekwe, shule iongezwe vyumba na zahanati ipate muuguzi wa pili. Bomba limerudishwa kwenye orodha, la kwanza. Huenda likachukua mwaka, huenda miwili. Kwenye ukurasa wa maji nimeandika "mhudumu mmoja wa mtambo", sikuandika zaidi ya hapo.

Tarehe 11, Jumamosi, kuna mkutano wa wakazi mlimani, uwanja wa shule. Mwenyekiti wao atawasomea muhtasari. Nakuomba usiende. Hakuna anayekulazimisha, na "mhudumu mmoja" anaweza kuwa mtu yeyote. Kaa nyumbani siku hiyo. Nakuomba kama mwanao.

Bi Kwanini

15 Aprili

Mwanangu,

Nilikwenda.

Nilikaa nyuma, Mkaza mjomba wako pembeni yangu. Mwenyekiti akasoma. Alipofika kwenye "mhudumu mmoja wa mtambo" watu wakaanza kuguna na kuulizana ni yupi, na mtu mmoja akalitaja jina la fundi wangu msaidizi, kijana wa watu aliyeanza kazi mwaka jana. Nikasimama. Unajua siwezi kuongea polepole, nilipiga kelele kama niko mtamboni. Nikasema ni mimi. Nikawaeleza Jumatano ya wageni, ambayo waliijua, na nikawaeleza kalamu nyekundu, ambayo hawakuijua. Nikasema bomba lilikuwa lije miaka tisa iliyopita na halikuja kwa sababu yangu.

Hawakupiga kelele, mwanangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Walinyamaza, na kwa mara ya kwanza niliomba masikio yangu yawe ndiyo yenye makosa. Baba mmoja aliondoka na mtoto wake begani. Wengine walikuwa wakitazama chini, wakihesabu, nadhani. Miaka tisa ni mtoto aliyezaliwa na sasa anabeba ndoo yake.

Fundi cherehani alikuwa mstari wa mbele. Alijipindua kwenye kiti, maana shingo yake haigeuki bila mwili mzima.

"Miaka tisa?" akaniuliza.

"Tisa."

"Na mimi nilidhani ni Mungu tu hajatukumbuka."

Mkaza mjomba wako alinishika koti. Yule mama akaendelea kunitazama, kisha akasema, "Kesho asubuhi uje. Ndoo ninazo." Akageuka kumsikiliza mwenyekiti.

Jumapili nilikwenda. Jumatatu pia, na jana, na leo. Ninachota bomba la chini nampandishia, ndoo mbili kila safari, safari sita. Ananionyesha pipa la kumimina, anarudi kwenye cherehani. Leo majirani wawili wameweka ndoo zao karibu na zake bila kuniambia kitu, nami nimezijaza bila kuuliza. Sijui kama amenisamehe. Sidhani, na sijui kama ni juu yangu kulitaka hilo.

Nimekaa miaka thelathini na mmoja upande wa juu wa maji, pale yanapoondoka. Sikuwahi kuupanda huo mlima na ndoo hata mara moja. Nimesoma nakala ya ripoti uliyomtumia mwenyekiti, ni kazi nzuri, nimejivunia. Ila ukurasa wa maji haujakamilika. Una msukumo, una kipenyo cha bomba, una idadi ya nyumba. Kutoka bomba la chini hadi mlangoni kwake ni hatua mia nne na kumi na mbili, kupanda, na kwa mtu wa umri wangu ni kupumzika mara tano. Nimezihesabu siku zote nne na hazibadiliki. Ziandike.

Mjomba wako